Sinema iliyokubali kilio cha mtoto

Katika baadhi ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yameanzishwa maonyesho ya sinema ambayo mtu asiye na mtoto mchanga ndiye anayejiona mgeni. Hufanyika asubuhi au mchana, siku za kazi. Taa hupunguzwa lakini hazizimwi kabisa, sauti huteremshwa, na mtoto akilia hakuna anayegeuka kumtazama mama yake kwa jicho baya. Kampuni ya Loews ya Marekani ilianza utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Uingereza, majumba ya sinema ya Picturehouse yaliyaita maonyesho yao Big Scream, yaani ukelele mkubwa, na sharti la kuingia likawa ni kuja na mtoto asiyezidi mwaka mmoja.

Ukisikia habari hizo utadhani ni uvumbuzi wa jana, tena wa wenye nacho. Mimi nabisha. Hapa kwetu Afrika Mashariki mama mwenye mtoto mchanga alikuwa mtazamaji wa sinema tangu zamani. Hakukatiwa tiketi maalumu wala hakutengewa siku. Alikaa chini pamoja na wenzake, mtoto mgongoni au kifuani, akatazama. Baadaye akatoweka. Hakuna sheria iliyomtoa. Waliomtoa ni ukuta, giza na saa ya kuonyeshea picha. Naomba leo tuitazame historia hiyo, maana inatuhusu mpaka siku ya kliniki pale Mtinko, mkoani Singida.

Tuanze na mwaka 1935. Mwaka huo, mahali paitwapo Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika wa vijijini. Ulijulikana kwa kifupi kama BEKE. Ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha zake nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la New York. Wasimamizi walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyepata kusimamia shamba la mkonge nchini Kenya, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 hivi. Picha zilikuwa bubu, na maelezo yalisikika kutoka katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Vyombo vyote vilipakiwa katika lori, na lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu hizo zilihusu nini? Zilihusu kodi, kuweka akiba posta, minyoo ya safura, kilimo cha kahawa na mmomonyoko wa udongo. Na moja ilihusu malaria ya watoto wachanga. Hapo ndipo pa kutua kidogo, msikilizaji. Serikali na misheni walipotaka kusema habari za homa ya mtoto, waliyemhitaji mbele ya kile kitambaa cheupe ni mama. Na mama hawezi kuja bila mtoto. Nani angemwachia? Kwa hiyo mtoto alikuwa ndani ya picha na nje ya picha. Akilia, mama alisogea pembeni ya uwanja, akamnyamazisha, akarudi. Uwanja haukuwa na mlango, na aliyetoka hakuambiwa akate tiketi nyingine.

Mwaka 1939 Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na kazi ya utengenezaji ikawa mikononi mwa William Sellers, bwana afya aliyekuwa ameanza kuonyesha filamu za usafi huko Nigeria. Sellers na wenzake walikuwa na nadharia yao. Waliamini kwamba macho ya mwanakijiji wa Kiafrika hayajazoea picha, na kwa hiyo filamu iende polepole, isiwe na vituko vya kamera, na kila tendo lionyeshwe mpaka mwisho. Mtazamaji akachukuliwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, hata kama ni mama aliyekwisha kulea watoto saba.

Kuna kisa maarufu kilichosimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, kikachapishwa mwaka 1961. Bwana afya mmoja alitengeneza filamu ya dakika tano hivi kuwaonyesha wanakijiji namna ya kuondoa maji yaliyotuama kuzunguka nyumba. Ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wenyewe walikuwa hawajui kama kuna kuku katika filamu yao! Walipoikagua upya kipande kwa kipande, wakamwona kweli, amepita kwa sekunde moja tu kwenye kona ya picha.

Kwa miaka mingi kisa hicho kimetajwa kama ushahidi kwamba mwanakijiji hajui kutazama picha. Sisi wa Singida, ambao kuku wetu wanasifiwa nchi nzima, tuna haki ya kukisoma kwa namna nyingine. Watu wale walitazama vizuri kuliko aliyeitengeneza. Waliona kitu wanachokijua, chenye thamani katika maisha yao, ambacho mwenye kamera hakukijali. Bibi yangu mzaa mama, aliyeolewa Mtinko, alikuwa akitusimulia habari za picha ya gari aliyoiona akiwa na mtoto wa kwanza. Mafundisho yenyewe alikuwa ameyasahau. Alilolikumbuka ni kwamba mwanamke wa kwenye picha alikuwa amefunga mbeleko vibaya, na kwamba wanawake wote waliokuwa na watoto mgongoni walicheka kwa pamoja, wakaambizana kwa Kinyaturu kuwa yule mtoto ataanguka. Bibi alikuwa akilitaja kicheko hicho kwa furaha kuliko kitu kingine chochote cha usiku ule.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sinema ile ilimpa mama vitu viwili kwa mara moja. Kwanza, mahubiri, ambayo mara nyingi yalimwona kuwa mjinga. Pili, nafasi ya kukaa na wenzake wenye watoto wa umri ule ule, wakatazama, wakacheka na kubishana. Kitu cha kwanza kilipangwa na wakubwa. Cha pili hakikupangwa na mtu, na nadhani ndicho kilichodumu.

Historia iliendelea. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Tanganyika ilitengenezewa filamu za Kiswahili na kampuni ya Afrika Kusini. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru magari ya sinema ya serikali yaliendelea kwenda vijijini. Nasi wa redio tulikuwa na zamu yetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Redio haijapata kumfukuza mama mwenye mtoto anayelia.

Mijini nako wenye busara walipata dawa. Zanzibar na Mombasa kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Akina mama walikuja na mabuibui yao, wengi wakiwa na watoto, wakalia pamoja na Raj Kapoor na Nargis wa filamu ya Awara ya mwaka 1951. Kelele za watoto hazikuwa kosa, kwa kuwa karibu kila aliyekuwamo alikuwa na mtoto wake, wa dada yake au wa jirani. Dar es Salaam nayo, katika miaka ya 1960, ilipata uwanja wa sinema ya kutazama kutoka ndani ya gari kule Msasani, mpaka mahali penyewe pakaitwa Drive-in. Wazazi walikwenda na watoto waliokwisha kuvalishwa nguo za kulalia. Mtoto akisinzia, alilazwa kiti cha nyuma, baba na mama wakaendelea na picha yao. Bila shaka ilikuwa starehe ya mwenye gari au mwenye ndugu mwenye gari. Lakini mtoto hakuwa kizuizi.

Wamarekani, katika majumba yao ya zamani, walikuwa na njia nyingine. Baadhi yalijengwa na chumba cha kioo nyuma ya ukumbi, kisichopitisha sauti, chenye kipaza sauti chake. Mama mwenye mtoto anayelia aliketi humo, akaiona picha bila yeye kusikika. Ni afadhali kuliko kutolewa nje, sikatai. Lakini linganisha na uwanja wa kijijini. Kule mama alifungiwa nyuma ya kioo, hapa alikaa katikati ya watu.

Basi ni nani aliyemwondoa mama wa kwetu? Miaka ya 1980 iliingia deki ya video, na katika miaka ya 1990 vibanda vya video vikaota kila penye jenereta au waya wa umeme. Nilivipenda vibanda hivyo, sitavitukana. Huko ndiko vijana wengi wa rika langu tulikojifunza majina ya akina steringi, na huko ndiko sauti ya Lufufu ilikotufasiria picha za kigeni kwa Kiswahili chenye vituko. Lakini kibanda kilikuwa na ukuta wa mabati au magunia, dirisha limezibwa, moshi wa sigara umejaa, mabenchi yamesongamana wanaume watupu, na picha yenyewe ni ya mapigano usiku. Hakukuwa na tangazo mlangoni kwamba mama mwenye mtoto haruhusiwi. Halikuhitajika. Wakati huo huo magari ya sinema ya serikali yalikuwa yakipungua barabarani, kwa kuwa fedha zilikuwa zikipungua. Mlango mmoja ukafungwa polepole, na ule mwingine haukuwa wa mama.

Najua kuna atakayeniuliza: wewe bwana, mbona leo kuna televisheni nyumbani na simu mkononi? Mama anatazama anachotaka, saa anayotaka, akiwa ananyonyesha. Ni kweli, na ni jambo jema. Televisheni zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na filamu zetu wenyewe zilipoenea baada ya mwaka 2000, wanawake wengi walizitazama nyumbani. Lakini simu hutazamwa na mtu mmoja. Mwanamke aliyejifungua karibuni hukaa siku nyingi na kuta nne na kilio kimoja. Zamani arobaini yake ilijaa shangazi, bibi na majirani. Siku hizi, hasa kwa binti aliyehamia mjini kumfuata mumewe, arobaini hiyo mara nyingine ni yeye na mtoto tu mpaka jioni. Picha anayo mkononi. Wa kucheka naye hayupo.

Ndiyo maana maonyesho yale ya London yalijaza viti. Hawakukosa televisheni wale. Walikosa mahali pa kwenda na mtoto ambapo hawaombi radhi. Na tusisahau kwamba huko baba naye huja amembeba mtoto. Sioni sababu kwa nini baba wa Singida asifanye vivyo hivyo, akauona mzigo anaoubeba mwenzake.

Afrika Mashariki hatujasahau kabisa. Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limepata kupeleka picha vijijini Unguja na Pemba. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid lilianza mwaka 2001 kuonyesha picha uwanjani, familia nzima zikiwa zimeketi chini. Kitambaa cheupe na uwanja bado vinafanya kazi.

Sasa turudi Mtinko. Siku ya kliniki akina mama hukaa kwenye mabenchi kwa saa nyingi, kadi mkononi, wakingoja mzani na sindano. Wapo pale pale, wamekwisha kukusanyika, na watoto wao wanao. Projekta ndogo ya siku hizi huingia katika mkoba. Darasa lisilotumika au ukumbi wa kata, shuka jeupe, mapazia nusu, sauti ya chini, na picha ya saa moja na nusu baada ya kupima watoto: serikali ya kijiji, kanisa, msikiti au kikundi cha akina mama cha kukopeshana wanaweza kulipanga jambo hilo bila kungoja mfadhili.

Ila naomba tusirudie kosa la Bwana Sellers. Picha isiwe ya kuwakaripia tu kwamba hawajui kuosha chupa. Ya afya iwepo, kwa kuwa malaria bado inaua watoto. Lakini iwepo na ya kuchekesha, ya mapenzi, ya nyimbo, na akina mama wenyewe waulizwe wanataka ipi. Wakiulizwa mwishoni wameona nini na wakajibu kuwa wameona kuku, aliyeleta picha aitazame upya picha yake kabla ya kuwacheka.