Kambi Kwanza, Mtu Baadaye: Asili ya Maadili na Dai la Mmomonyoko

Katika mikutano ya wazazi, kwenye mimbari na hata bungeni, kauli ya "mmomonyoko wa maadili" imezoeleka mno. Sitiari yenyewe ni ya mkulima: palikuwa na udongo wenye rutuba, mvua imeuchukua, umebaki mwamba. Anayeitumia huchukulia kwamba maadili ni tabaka lililolala ndani ya mtu, aliloachiwa na wazazi, na kwamba likishasombwa basi mtu huyo amekwisha. Makala hii inaipinga dhana hiyo. Kilichomo ndani ya mtu ni kidogo na ni cha zamani sana. Sehemu kubwa ya tunachokiita wema hukaa baina ya watu, katika taratibu za mahali wanapoishi.

Tuanze na hicho kilichomo ndani. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Peter Blake, Katherine McAuliffe na wenzao juu ya watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba, Uganda na Senegal zikiwamo. Watoto wawili walikaa wakitazamana, ukaletwa mgawo usio sawa, na mmoja akapewa uwezo wa kuukubali au kuukataa wote wawili wakose. Aliyepunjwa alikataa, na hali ilikuwa hivyo katika nchi zote saba. Aliyependelewa je? Huyo alikataa Marekani, Kanada na Uganda tu, na huko nako ni watoto waliokwisha kukua kidogo. Kinyongo cha kupunjwa, basi, ni cha wote, lakini aibu ya kupendelewa hufunzwa.

Nadharia ya mageuko inalieleza vizuri lile la kwanza. William Hamilton alionyesha kihesabu mwaka 1964 kwa nini kiumbe hujitolea kwa ndugu wa damu. Mwaka 1971 Robert Trivers akaeleza jinsi wasio ndugu wanavyoweza kusaidiana kwa muda mrefu, mradi fadhila ilipwe na mlaghai atambuliwe. Anayeishi kwa nipe nikupe bila kuhisi anapopunjwa angeliwa mpaka mfupa.

Hilo la pili, aibu ya kupendelewa, ndilo gumu, na hapa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanatufundisha kuliko vitabu vingi. Ni jamii ya watu elfu moja na ushei, na baadhi yao bado wanategemea mizizi, asali, matunda na nyama ya porini. Mwindaji akiua mnyama mkubwa, nyama huliwa na kambi. Mgeni akitazama atasema watu hawa wamezaliwa na moyo wa kutoa. Lakini Frank Marlowe, aliyekaa nao miaka mingi, aliwapa mchezo wa kugawana fedha: mmoja hupewa kiasi, humtengea fungu mwenzake asiyetajwa jina, na mwenzake akilikataa wote hukosa. Wahadzabe walitoa kidogo kuliko jamii nyingi kati ya 15 zilizolinganishwa, na wa kambi ndogo walitoa kidogo kuliko wa kambi kubwa.

Sioni hapa ushahidi kwamba ukarimu wao ni wa uongo. Mchezo ulifanywa faraghani, na porini nyama hailiwi faraghani: moshi huonekana, harufu husafiri, jirani huja akadai fungu lake bila kuona haya. James Woodburn, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, alisisitiza kwamba mgawo huu husukumwa na madai ya mpokeaji kuliko hisani ya mtoaji. Ukiondoa macho na madai, Mhadzabe anakuwa kama yeyote kati yetu anayehesabu mshahara wake mlango ukiwa umefungwa.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka mwaka 2018. Kristopher Smith, Coren Apicella na wenzao walirudi katika kambi za Wahadzabe kwa kipindi cha miaka sita. Kila mtu alipewa mirija minne ya asali, ajiwekee au achangie fungu la kambi. Watafiti waliongeza juu ya kilichochangwa, kisha jumla ikagawiwa sawa kwa wote. Kama wema ungekuwa tabaka ndani ya mtu, mchangiaji wa mwaka huu angekuwa mchangiaji wa mwaka ujao. Haikuwa hivyo. Wahadzabe huhamahama, na aliyeingia kambi ya watoaji alitoa. Huyo huyo akiwa kambi ya wachoyo, naye alibana. Kilichotabiri mchango wake ni kambi aliyomo, si mwenendo wake wa zamani. Mageuko hayakosekani hapa: uwezo wa kufika ugenini na kung'amua upesi kama watu wa pale hutoa au hubana ni urithi wetu sote. Lakini jibu la swali hilo hatulirithi.

Wala utamaduni hauishii kwenye macho ya majirani. Huwapa watu pia kielelezo cha kufikiria. Jean Ensminger alipowapelekea Waorma wa Kenya mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, mara moja waliuita mchezo wa harambee, kwa jina la michango wanayotoa kujengea shule, na wakachanga kwa ukarimu.

Ipo hoja inayonisumbua. Rwanda mwaka 1994 walikuwapo waliowaficha majirani huku mamlaka za mahali pao zikiwaamuru waue. Mirija ya asali haiwezi kumpima mtu wa namna hiyo, na nadharia yangu haimwelezi kikamilifu. Hata hivyo jamii haiwezi kupangwa kwa kutegemea mashujaa.

Wahenga walilijua hilo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, akijua kwamba ukarimu una mlinzi wake. Baadaye, katika mashamba mengi ya pamoja ya vijiji vipya vya Ujamaa, kazi na mgawo havikulingana, na aliyelima hakuona faida ya kumzidi aliyekaa kivulini. Watu walipolegea waliitwa wavivu. Kwa maoni yangu walikuwa wameisoma kambi yao sawasawa.

Ndivyo ilivyo kwa karani kijana aliyetoka shuleni mwaminifu na mwezi wa tatu akaanza kupokea bahasha. Hakuna udongo uliosombwa ndani yake. Amekuta wakubwa wanapokea, wateja wanaona ni kawaida, na aliyekataa amehamishwa. Kumwongezea somo la maadili ni kumhubiria mtu aliyekwisha kuelewa.

Kamati ijayo itakayoundwa kuchunguza mmomonyoko isianze na vijana. Ikakae wiki moja kwenye dirisha la huduma, iandike nani anatoa, nani anaona, na nani hulipwa kwa kunyamaza.