Neno "Gari" Kibaha na Kisarawe: Asili, Maana na Ngeli

Neno *gari* limetokana na *gāṛī* ya Kihindi. Sauti /r/ peke yake haitoshi kuamua iwapo lilipitia Kihindi au Kigujarati. Kigujarati huandika *gāḍī*, lakini kati ya irabu sauti hiyo hutamkwa kwa kupiga ulimi, na sikio la Mswahili huipokea kama /r/. Miundo nayo inafanana. Kihindi kina *bailgāṛī* na *relgāṛī*. Kiswahili kikaunda *gari la ng'ombe* na *gari la moshi*. Neno kuu lilitaja chombo chochote cha magurudumu, na kivumishi ndicho kilichobainisha aina. Maana hiyo pana ndiyo iliyomo katika kamusi za Madan (1903) na Johnson (1939).

Kibaha na Kisarawe zinafaa kuonyesha jinsi maana hiyo ilivyosinyaa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, inapita Soga na Ruvu. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Mzenga. Motokaa zilipoenea barabarani, zilijitwalia neno *gari* bila kivumishi, na *motokaa* lenyewe likabaki kamusini. Chombo cha kusukumwa kwa mikono kikaitwa *mkokoteni*. *Garimoshi* nalo limesukumwa kando na *treni*, na tangu 2024, treni za umeme zilipoanza kupita Soga, moshi wenyewe haupo katika treni hizo.

Suala gumu zaidi ni la ngeli. Sarufi ya shuleni hudai *gari langu*, ilhali wasemaji wengi husema *gari yangu*. Kuliita hilo kosa la uvivu ni kupuuza mfumo wa lugha. Maneno ya mkopo kama *treni*, *baiskeli* na *pikipiki* yamo katika ngeli ya I-ZI, na *gari* lina kila sababu ya kuvutwa huko. Aidha, wingi *magari yangu* tayari una kiambishi *ya-*, hivyo umoja *gari yangu* unalandana nao kwa sauti. Tofauti hujitokeza katika kitenzi: *gari inakuja*, *magari yanakuja*. Wingi wa MA- umeshikilia, umoja umehama. Mtahini anayekata alama kwa *gari yangu* anaadhibu badiliko ambalo bado liko njiani, na ambalo huenda yeye mwenyewe hulitamka akisubiri usafiri Maili Moja.