Nani Alianzisha Kosa? Mtego wa polisi na rufaa ya Sherman (1951–1958)

Wandugu wasomaji, leo tutoke kidogo katika historia ya vita na ya wafalme. Tuingie katika historia ya tribinali, kwenye kesi ya mtu mdogo ambaye hakuwa na jina kubwa. Wale wanaosoma droit watapata kitu hapa. Lakini na wengine musikimbie, ju hii habari inahusu kila mtu anayeweza kushikwa siku moja na kuambiwa: "Tulikuona kwa macho yetu."

Tuko New York, mwisho wa mwezi wa nane 1951. Watu wawili wanakutana kwa dakitari. Wote wawili wanatibiwa ili waache madawa ya kulevya. Mmoja anaitwa Sherman. Wanasalimiana. Siku nyingine wanakutana tena kwenye farmasi, kila mmoja na karatasi yake ya dakitari mkononi. Salamu zinageuka maongezi. Wanasimuliana namna waliingia katika shida ile, na namna ilivyo ngumu kutoka. Munajua wenyewe: watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanapatana haraka.

Kisha yule mwenzake anaanza kulalamika. Anasema matunzo hayamusaidie, anateseka. Anauliza kama Sherman anajua mahali pa kupata madawa. Sherman anakwepa. Yule anarudia. Sherman anakwepa tena. Anaombwa mara nyingi, na kila mara sababu ni ile ile: nateseka, nisaidie. Mwishoni Sherman anakubali. Anatafuta madawa, wanagawana. Anamwambia mwenzake kwamba yote yamegharimu dola 25, na fungu lake ni dola 15. Yule analipa fungu lake, na teksi, na gharama zingine.

Sasa, yule mwenzake alikuwa nani? Alikuwa mtoa habari wa polisi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshitakiwa kwa kuuza madawa, na alikuwa bado anangojea kuhukumiwa. Kabla ya Sherman, alikuwa amekwisha kusababisha kesi zingine mbili hivi. Baada ya manunuzi kadhaa akaenda kuwaambia maafisa wa Leta: nimewapatia muuzaji mwingine. Mwezi wa 11, mara tatu, maafisa walisimama pembeni wakatazama Sherman akimpa madawa na kupokea franga. Franga zenyewe zilikuwa za Leta.

Wakamkamata. Wakapekua nyumba yake, hawakukuta madawa. Hakukuwa na ushahidi wa maana kwamba alipata hata faida. Lakini walikuwa wamemuona. Tribinali ikampa miaka 10 ya buloko.

Sasa tuulize: mtu kama huyu anakata rufaa kwa kusema nini? Hawezi kusema "sikuuza", ju aliuza, na wakubwa wa polisi ni mashahidi. Hawezi kusema "sikujua ni kosa." Anabaki na neno moja tu: kosa hili halikuanzia kwangu, liliumbwa na Leta, halafu Leta hiyo hiyo ikaja kuniazibu.

Neno hili halikuwa geni katika sheria ya Marekani. Lilikuwa limeingia katika Korti Kuu mwaka 1932, wakati pombe ilikuwa imekatazwa katika inchi nzima. Afisa mmoja alikwenda North Carolina, akajifanya mtalii. Akafika kwa mtu mmoja aitwaye Sorrells, akagundua kwamba wote wawili walipigana katika divisheni moja ya jeshi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wakaongea habari za vita. Katikati ya maongezi yale ya askari wa zamani, afisa akaomba wiski. Sorrells akasema hana. Akaomba tena. Mwishoni Sorrells akatoka, akarudi na nusu galoni, akapokea dola 5. Akahukumiwa. Lakini Korti Kuu ikasema hapana: wale waliotunga sheria hawakutaka itumiwe kwa kumvuta mtu asiye na nia mbaya, kisha kumuazibu kwa kuvutwa kule. Sorrells alipaswa kuruhusiwa kujitetea kwa njia hiyo mbele ya juri, yaani raia wale wanaoamua kama mtu ana hatia.

Muone namna mbinu zinafanana: kule ni urafiki wa vita, huku ni urafiki wa ugonjwa. Mtego hautumii ubaya wa mtu tu. Mara nyingi unatumia wema wake.

Tumurudilie Sherman. Njia yake haikuwa fupi. Rufaa ya kwanza ilishinda mwaka 1952, ju muamuzi wa kesi hakuwaelezea watu wa juri sheria sawasawa. Pale ndipo muamuzi Learned Hand wa korti ya rufaa aliweka maswali mawili ambayo wanasheria wanayakumbuka mpaka leo. La kwanza: je, mtu wa Leta ndiye aliyemvuta mshitakiwa? La pili: kama ni ndiyo, je, mshitakiwa alikuwa tayari kutenda kosa hata bila kuvutwa? Swali la kwanza ni mshitakiwa anayepaswa kulionyesha. La pili ni Leta.

Lakini kushinda rufaa si kwenda nyumbani. Kesi ikarudi, ikaanza upya, Sherman akapatikana tena na hatia. Safari hii korti ya rufaa ikaacha hukumu isimame. Ikabaki mlango mmoja tu, Korti Kuu kule Washington.

Avoka wa Leta walikuwa na silaha moja nzito: maisha ya zamani ya Sherman. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa mara mbili, mara moja kwa kuuza madawa mwaka 1942, mara nyingine kwa kushikwa nayo mwaka 1946. Kwa hiyo wakasema: huyu alikuwa tayari tangu zamani, sisi tulimfungulia mlango tu. Hapa, wandugu, ndipo penye moyo wa habari. Je, mtu aliyeanguka zamani anaweza kuhesabiwa daima kama mtu "aliye tayari"? Kama ni vile, basi kila aliyetoka buloko anaweza kuwekewa mtego siku yoyote, na hatakuwa na neno la kusema.

Tarehe 19 mwezi wa 5, 1958, Korti Kuu ilitoa jibu. Waamuzi wote walikubaliana kwamba hukumu inapaswa kuanguka. Mkubwa wao, Earl Warren, ndiye aliyeandika. Alitofautisha mitego miwili: ule unaomkamata mhalifu asiyejihadhari, na ule unaomkamata mtu asiye na kosa ambaye hakujihadhari. Wa kwanza ni kazi halali ya polisi. Wa pili haukubaliki. Juu ya zile hukumu za zamani, alisema kuuza kwa miaka tisa nyuma na kushikwa na madawa kwa miaka mitano nyuma havionyeshi kwamba mwaka 1951 Sherman alikuwa tayari kuuza, hasa kwa kuwa alikutwa akijaribu kupona. Tena, Leta haiwezi kusema "mtoa habari alifanya kwa kichwa chake, sisi hatukujua." Afisa aliyesimamia kazi hakujisumbua hata kuuliza namna gani yule alimpata Sherman. Ukimtumia mtu, matendo yake ni yako. Korti ikaamuru mashitaka yafutwe kabisa.

Miaka karibu saba ilikuwa imepita tangu salamu ya kwanza kwa dakitari. Na yule mtoa habari? Yeye alipata azabu iliyosimamishwa, bila kuingia buloko, baada ya Leta kueleza kwamba alishirikiana nayo vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wanalipita haraka. Waamuzi wanne, mbele yao Felix Frankfurter, walikubali mwisho wa hukumu lakini wakakataa sababu zake. Frankfurter alisema swali la "mtu huyu alikuwa tayari ama hapana" ni swali baya, maana linaleta maisha yote ya mshitakiwa mbele ya juri, na mwenye historia mbaya atashindwa daima. Swali sawa, kwake, ni hili: polisi walifanya nini? Kama walivuka mpaka, kesi ianguke, hata kama mtu ni mtakatifu ama mwizi wa zamani. Na mwenye kuamua awe muamuzi, si juri.

Kwao wazo hilo halikushinda, na matokeo yakaonekana. Mwaka 1973, katika kesi ya Russell, afisa alikuwa amewapelekea watengenezaji wa madawa kitu kimoja cha lazima ambacho kilikuwa kigumu kupatikana. Hukumu ikasimama, kura 5 dhidi ya 4, ju walikuwa tayari. Mwaka 1976 ikaja kesi ya Hampton wa St. Louis. Huyu alieleza kwamba heroini yenyewe alipewa na mtoa habari wa Leta, kisha akawauzia maafisa wa Leta. Yaani Leta inatoa madawa kwa mkono huu, inayanunua kwa mkono ule, na katikati kuna mtu mmoja anayekwenda buloko. Korti ikasema: hata kama ni vile, alikuwa tayari. Kura 5 dhidi ya 3, Hampton akashindwa.

Kwingine swali la Frankfurter lilipata masikio. Canada, mwaka 1988, katika kesi ya Mack: mtu aliyesema amekwisha kuacha madawa alifuatwa na mtoa habari kwa miezi sita, hata kwa vitisho, mpaka akakubali. Korti Kuu yao iliangalia kwanza mwenendo wa polisi, ikasimamisha kesi.

Kule Ureno, siku za mwisho za 1992, polisi wawili wasiovaa uniforme walikuwa wanatafuta heroini kupitia mtu waliyemjua. Wakapelekwa usiku mpaka kwa Teixeira de Castro, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, asiye na hukumu yoyote nyuma yake. Wakamwonyesha franga nyingi, wakaomba gramu 20. Hakuwa nayo nyumbani, akaenda kuitafuta kwa mwingine. Akapewa miaka 6, na Korti Kuu ya Ureno ikakataa rufaa yake. Hakuchoka. Alikwenda mpaka Strasbourg, kwenye Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 9 mwezi wa 6, 1998, akashinda kwa kura 8 dhidi ya 1. Korti ilisema hakuna muamuzi aliyesimamia kazi ile, hakukuwa na sababu ya kumshuku kabla, na polisi walichochea kosa ambalo hakuna alama kwamba lingetendeka bila wao. Kwa hiyo hakupata kesi ya haki tangu mwanzo.

Uingereza ikafuata mwaka 2001, na siku hiyo moja ilitoa majibu mawili. Looseley aliombwa heroini kwa simu na afisa aliyejificha, akakubali palepale bila kubembelezwa: hukumu ikabaki. Katika kesi ya pili, maafisa walianza kwa kumuuzia mtu sigara za magendo kwa bei ya chini, wakamzoeza, kisha wakamuomba heroini mara kwa mara ingawa alisema hayo si mambo yake. Waamuzi wakasema aliyeisimamisha kesi ile hakukosea. Kipimo chao ni rahisi kukumbuka: je, polisi walifanya tu kile ambacho mnunuzi yeyote angefanya, ama walizidisha?

Najua kuna mwenye kusema: sasa unawatetea wauza madawa? Hapana. Madawa yanaharibu vijana, tunaona wenyewe katika mitaa yetu. Tena kosa hili halina mlalamikaji: muuzaji anataka kuuza, mnunuzi anataka kununua, nani atakwenda kushitaki? Bila afisa wa kujificha, wakubwa wa biashara hiyo hawatakamatwa. Kwa hiyo mtego wenyewe si ubaya. Ubaya unaanza pale polisi wanapochoka kutafuta wahalifu na kuanza kuwatengeneza. Mtengenezwa hatakuwa mkubwa wa biashara. Atakuwa mgonjwa, maskini, ama mtu aliyekuwa anajaribu kubadilika.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inasema haki ya kukata rufaa ni ya watu wote. Kesi ya Sherman inatufundisha namna ya kuitumia haki ile. Rufaa nzuri si kulia kwamba azabu ni kubwa. Ni kuchukua kila siku ya habari, tangu salamu ya kwanza, na kuuliza: nani aliongea kwanza? Aliomba mara ngapi? Mwingine alikataa mara ngapi? Nani alitoa franga? Nani alimtuma? Avoka kijana anayeuliza maswali haya kwa uvumilivu anaweza kuokoa mtu ambaye hata yeye mwenyewe amekwisha kujihukumu.

Nawaachia swali moja tujadiliane. Kama wewe ungekuwa muamuzi wa Hampton mwaka 1976, na unaona mikono yote miwili ni ya Leta, ungesema nini?