Unga usiotaka kuzama

Kila mtu mwenye gari anaijua ile chupa ndogo ambayo fundi wa garaji anakushauri umwage ndani ya mafuta ya motere wakati wa vidanji, eti "iko na nano". Wengi wanafikiri ni mambo ya juzi. Kumbe hadithi yenyewe ina zaidi ya miaka 100, na ilianza Marekani na mtu anaitwa Edward Goodrich Acheson.

Mwaka 1891 Acheson alikuwa anatafuta kutengeneza almasi kwa moto wa umeme. Almasi hakupata, alipata karborundumu, kitu kigumu cha kunolea vyuma. Baadaye, alipoizidishia moto, silikoni ilipanda kama mvuke, ikabaki grafiti safi. Grafiti inateleza, penseli yako ni shahidi. Basi tuisage, tuichanganye na mafuta, vyuma visilane! Lakini unga ulikuwa unazama chini.

Jibu lilitoka fasi hakuna aliyeitazamia: Biblia. Acheson alikuwa anafanya majaribio na udongo wa kufinyanga, akakumbuka katika kitabu cha Kutoka namna matofali ya Misri yalitiwa majani makavu. Akachemsha majani, akaona maji yake yanalainisha udongo na kuzuia chembe zisishuke. Tanini ilifanya vilevile. Akaijaribu kwa grafiti, unga ukabaki unaelea. Njo pale ilizaliwa Oildag, grafiti ndani ya mafuta.

Tangu miaka ya 1940 viwanda vilishika njia nyingine, ZDDP: inayeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo haizami, na inajenga ngozi nyembamba juu ya chuma pale msuguano unapozidi. Ila fosforasi yake inaharibu katalisti ya kusafisha moshi. Ndiyo maana watu wakarudi kwa unga.

Mwaka 1992 Reshef Tenne na wenzake, Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha chembe za tangsteni disalfaidi zenye tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Mwaka 1997 zikaonekana zinapunguza msuguano na ulikaji: tabaka zinabanduka, zinashika chuma.

Na shida? Ni ileile ya Acheson. Chembe zinagandana, zinashuka, filta inazikamata. Siku hizi laboratuari zinazivika asidi ya oleiki ili zisishikane. Mimi ukiniletea chupa mpya, kwanza nitaiacha siku kadhaa juu ya meza bila kuitikisa, halafu nitaangalia chini yake.