Insha ya Mtoto wa Ziwani: Historia Fupi ya Uandishi wa Maelezo katika Shule za Msingi za Migori na Homa Bay

Makala haya yanamhusu mtoto wa shule ya msingi katika kaunti za Migori na Homa Bay, na yanauliza swali moja: kwa nini mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, anapoandika insha ya Kiswahili, aghalabu huandika juu ya kila kitu ila ziwa lenyewe? Huenda msomaji anayefundisha fasihi katika shule ya sekondari akaona kwamba swali hili ni la mwalimu wa shule ya msingi. La hasha. Mwanafunzi unayemtaka achambue taswira na tamathali za usemi katika riwaya ni yule yule aliyefunzwa zamani kwamba maelezo mazuri ni yale yaliyokaririwa. Kabla hatujamlaumu, yafaa tuitazame historia iliyomfikisha hapo.

Tuanze na zama za kabla ya shule. Ikumbukwe kwamba eneo hili, lililojulikana kwa muda mrefu kama Nyanza Kusini, halikuwa na uhaba wa mabingwa wa maelezo. Miongoni mwa Wajaluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, wakasimuliwa sigana, wakategana vitendawili na kufunzwa methali. Vijana walijua pia pakruok, yaani sanaa ya kujisifu na kuwasifu wengine kwa majina ya kupanga. Sanaa hiyo haimfai mtu asiyeweza kukitazama kitu kwa makini na kukifananisha na kingine. Hebu fikiria kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Husimuliwa kwamba bikizee mmoja alifika kijijini wakati watu wakisherehekea, akanyimwa makao na chakula. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Usiku huo mvua ikanyesha na kijiji kizima kikazama. Msimulizi wa kisa hiki hawezi kuwatosheleza wasikilizaji kwa kusema tu kwamba mvua ilinyesha. Humbidi aieleze ngoma ilivyorindima, mvua ilivyoanza na maji yalivyopanda. Msikilizaji naye anaweza kwenda kesho yake akalitazama ziwa lenyewe, akakisia kijiji kilikuwa wapi. Maelezo yalikuwa na ushahidi.

Uandishi nao uliingia hapa kwa lugha ya Dholuo, wala si kwa Kiswahili. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Mwaka wa 1913 kukawa na kiwanda cha uchapishaji hapo hapo Gendia, kilichokuja kuitwa Africa Herald. Hivyo watoto wa kwanza walioshika kalamu katika sehemu hii waliandika lugha waliyoiota usingizini. Matunda yake tunayajua. Paul Mboya, mwana wa Karachuonyo aliyekuwa mhubiri kisha chifu, alitoa mwaka wa 1938 kitabu cha Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza mila na desturi za Wajaluo kwa Dholuo. Hicho ni kitabu cha maelezo: kinaeleza watu walivyoishi na walivyotenda. Kwa hivyo, msomaji, mtu akikwambia kwamba watoto wa ziwani hawana jadi ya uandishi wa maelezo, mkumbushe mwaka huo wa 1938.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi? Kilikuwepo, lakini nje ya darasa. Kilisikika Kendu Bay, mji wenye jamii ya Waislamu ya tangu zamani. Kilisikika pia katika biashara ya mpakani na Tanganyika, na katika migodi ya Macalder. Shuleni hakikuwa na kikao imara. Ripoti ya Binns ya mwaka wa 1952 ilipendekeza Kiswahili kiondolewe katika shule za maeneo ambako hakikuwa lugha ya kwanza ya watoto. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia na Kiswahili kiwe somo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ikasisitiza matumizi ya lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza. Watoto wa Kijaluo wakasoma Dholuo katika vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, kisha kuanzia darasa la nne wakageukia Kiingereza katika masomo karibu yote. Kiswahili kikabaki somo la vipindi vichache. Isitoshe, mtihani wa CPE uliofanywa mwishoni mwa darasa la saba haukukitahini Kiswahili. Nawe wajua, mwalimu mwenzangu, jinsi somo lisilotahiniwa linavyotendewa katika shule zetu.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa 1985. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, uliifanya shule ya msingi kuwa ya miaka minane na kuleta mtihani wa KCPE. Sasa Kiswahili kilikuwa cha lazima na cha kutahiniwa. Karatasi ya Insha ilikuja kutolewa kwa dakika 40 na kusahihishwa kwa alama 40, na mara nyingi mtahiniwa alipewa mwanzo wa kisa akitakiwa akiendeleze kwa njia ya kuvutia. Tazama mzigo huo ulivyomwangukia mtoto wa Karungu au wa Mfangano. Lugha ambayo wazazi wake hawakutahiniwa nayo, na ambayo yamkini hata mwalimu wake hakuisomea kwa kina, ndiyo iliyokuwa sasa ikiamua kama atapata nafasi katika shule nzuri ya sekondari.

Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa insha ya kukariri. Kila mwalimu anaifahamu. Mhusika hurauka alfajiri na mapema, huoga na kustaftahi chapuchapu, hushika njia guu mosi guu pili, na kufumba na kufumbua ajali hutokea. Giza huwa totoro, nguo huwa nyeupe pe, mtu huanguka pu! Mwisho huletwa methali: mvumilivu hula mbivu, au njia ya mwongo ni fupi. Orodha za misemo, tashbihi na tanakali za sauti zilibandikwa ukutani na kunakiliwa daftarini, na mtoto akashauriwa azipange katika insha yake vyovyote itakavyokuwa mada.

Ni rahisi kuicheka insha hii. Hata hivyo, tukiichunguza kiisimu tutaona kwamba mtoto alikuwa na sababu nzuri ya kuikimbilia. Kiswahili hudai upatanisho wa kisarufi, na hakuna mahali unapodaiwa zaidi kuliko katika maelezo. Anayesimulia anaweza kutembea kwa vitenzi: alienda, akaona, akarudi. Anayeeleza lazima atumie vivumishi, na kila kivumishi ni mtego. Chukua -refu peke yake. Mtumbwi ni mrefu, kasia ni refu, kamba ni ndefu, kisiwa ni kirefu. Dholuo, ambayo ni lugha ya Kiniloti, haina ngeli za namna hii. Mtumbwi huwa mabor na kamba huwa mabor, na neno hubadilika tu vitu vikiwa vingi. Kwa mtoto huyu msemo uliokaririwa ulikuwa ngome ya usalama, kwa kuwa upatanisho wake umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Mwenzake wa Kehancha azungumzaye Kikuria, lugha ya Kibantu yenye ngeli, alikuwa na afueni kidogo. Wasuba wa Rusinga na Mfangano wangekuwa na afueni hiyo pia, lakini wengi wao walikwisha kuhamia Dholuo. Kwa ufupi, mtoto alikariri kwa sababu kueleza kulikuwa na gharama na kukariri kulikuwa na alama.

Gharama ya pili ilikuwa ya msamiati. Misemo mingi iliyofunzwa ni mali ya pwani. Maji yakijaa hupwa ni methali nzuri, lakini aliyezaliwa Mbita hajaona maji yakijaa asubuhi na kupwa jioni, kwani Ziwa Victoria halina maji kupwa na maji kujaa yanayoonekana kwa macho. Wakati huo huo, vitu alivyoviona kila siku havikuwa na majina ya Kiswahili katika daftari lake. Akiandika omena, mbuta au kamongo, alihofia kuwekewa alama nyekundu kwa kuingiza Dholuo. Lakini vuka mpaka pale Isebania uingie Sirari, upande wa Tanzania, na utasikia watu wa ziwa hilo hilo wakisema dagaa, sangara na kambale mamba kwa Kiswahili kinachotiririka. Kiswahili cha ziwa kipo, na kipo karibu. Bahati mbaya ni kwamba shule zetu zilikitazamia Mombasa zikakisahau kile cha Sirari. Aidha, omena na mbuta yamekwisha kuenea katika Kiswahili cha Kenya nzima, hata mama mboga wa Nairobi anayatumia. Hakuna haja ya kuyaadhibu.

Mwaka wa 2003 ulileta elimu ya msingi bila malipo. Kote nchini idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi milioni 7.2. Hiyo ilikuwa neema, na hakuna mpenda elimu atakayeijutia. Lakini insha ya maelezo hufunzwa kwa kusomwa, kurekebishwa na kuandikwa upya, na mwalimu mwenye daftari themanini mezani hana wasaa huo. Insha ya kielelezo ikazidi kunawiri. Yafaa tukiri pia kwamba ilikuwa na manufaa yake: iliwapa watoto wengi sikio la Kiswahili, na methali walizojaziwa ziliwafaa baadaye katika fasihi simulizi. Kasoro yake ni kwamba iliwafunza kupamba kabla ya kutazama.

Sasa mazingira yamebadilika. Mtaala wa umilisi ulijaribiwa mwaka wa 2017 na kuanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Ile karatasi ya dakika 40 haipo tena, lakini mazoea yake yangali hai. Vitabu vya misemo vingali vinanunuliwa, na walimu waliofaulu kwa kukariri ndio wanaofundisha. Tusipoiondoa sababu ya kukariri, watoto watakariri hata bila mtihani.

Basi tufanyeje? Naomba msomaji ayapime mambo matatu. Kwanza, mtoto aeleze kitu alichokiona, na akieleze kwanza kwa mdomo, hata kwa Dholuo au Kikuria, kabla ya kukiandika kwa Kiswahili. Akiwa Homa Bay mjini, aieleze Got Asego. Akiwa Awendo, aieleze trekta iliyosheheni miwa ikielekea kiwandani. Akiwa katika sehemu ya Macalder, apelekwe Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Awekwe mbele ya ukuta na aulizwe: mawe yameshikanaje?

Pili, upatanisho ufunzwe ndani ya maelezo hayo hayo. Kitu kimoja, vivumishi vitatu, kisha kitu cha pili cha ngeli nyingine. Mtoto akikosea, asahihishwe ngeli, lakini alichokiona kisifutwe.

Tatu, tumwonyeshe tofauti kwa mfano. Mpe sentensi hii: Usiku ulikuwa wa giza totoro. Kisha mpe hii: Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa omena zilitapakaa majini, nikadhani mji umehamia ziwani. Muulize ni ipi kati ya hizo ingeweza kuandikwa na mtoto wa Nyeri. Endelea na asubuhi yake: Omena walimwagwa juu ya nyavu kuukuu wakameta kama misumari mipya, na kufikia saa sita walikuwa wamekauka na kujikunja, harufu yao ikatufikia darasani. Hapo pana tashbihi moja tu, nayo imetoka ufuoni. Mtoto aliyeiunda mwenyewe hatahitaji kuambiwa tashbihi ni nini.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mwalimu wa shule ya msingi peke yake. Vyuo vya ualimu vya Asumbi na Migori vimo katika kaunti hizi hizi mbili, na baadhi yetu tunaosoma jarida hili ndio tuliowafundisha Kiswahili vijana wanaojiunga navyo. Mwanafunzi wako wa leo akitoka mikononi mwako akiamini kwamba taswira ni kitu cha kutafutwa katika orodha, baada ya miaka michache atakuwa mbele ya watoto wa Muhuru Bay akiwaandikia orodha hiyo ubaoni. Akitoka akijua kutazama, ataanza somo lake kwa kuwapeleka nje.