Muuza Sabuni na Mfanya Mazingaombwe

Mfanyabiashara mdogo aazimiaye kuitangaza bidhaa yake kwa picha za video hukabiliwa na suala moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama anunue kamera, taa na vinasa sauti viwe milki yake, au avikodi kwa siku mbili tatu kisha avirejeshe kwa mwenyewe. Wengi hudhani suala hili limezaliwa na zama zetu, ilhali umri wake ni sawa na wa sinema yenyewe, na miongoni mwa waliolijibu mapema ni watu wawili wa mwaka mmoja, 1896, ambao kila mmoja alifuata njia iliyo kinyume na ya mwenziwe, na kwa rai yangu wote wawili walisibu.

Chombo kilichowashughulisha kilikuwa kisanduku cha mbao kiitwacho Cinématographe, kazi ya akina Lumière wa mji wa Lyon, chenye uzito wa takriban kilo 5, lenzi mbele na mkono wa kuzungusha. Na ajabu yake ni kwamba kisanduku hicho hicho kilipiga picha, kikazichapa, na kilipowekewa taa nyuma yake kikazionyesha mbele ya hadhara. Utepe wake ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi, nao ulimalizika kabla dakika haijatimia. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha Grand Café mjini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja wakayaona maajabu hayo, na tangu siku hiyo wenye kukitamani chombo wakawa wengi. Walakini akina Lumière hawakukiuza. Walikitoa kwa mawakala kwa namna ya ijara, pamoja na mpiga picha wao, aliyeusiwa asimfunulie mtu siri ya mitambo iliyomo ndani, nao wakachukua fungu lao katika mapato. Na hadi 1897 ndipo walipoanza kukiuza.

Mmoja wa mawakala hao alikuwa Mswisi, François-Henri Lavanchy-Clarke, ambaye alikuwa pia mwuzaji wa sabuni ya Sunlight, ile ya Lever Brothers wa Uingereza ambayo jina lake si geni hata katika maduka yetu ya pwani. Mtu huyu alikuwa na sinema mkono mmoja na sabuni mkono wa pili, akaviunganisha. Katika filamu yake moja ya 1896 watazamaji wanawaona wanawake wameinamia beseni wakifua nguo, na hapo mbele yao, mahali ambapo jicho haliwezi kupakwepa, yamewekwa makasha ya Sunlight. Hakuna sauti, wala hakuna anayeisifu sabuni. Kuna nguo na maji, na jina limekaa pale tangu mwanzo hadi utepe unakwisha. Hilo ni miongoni mwa matangazo ya kwanza kabisa ya sinema duniani, nalo lilipatikana kwa chombo ambacho mwenye kutangaza hakukinunua.

Wa pili alikuwa Georges Méliès, mfanya mazingaombwe mwenye ukumbi wake mjini Paris, aliyehudhuria onyesho lile la Desemba na papo hapo, kama alivyosimulia mwenyewe, akaahidi kutoa faranga 10,000 ili auziwe kisanduku, akakataliwa. Hakukata tamaa. Alikwenda kununua mtambo wa kuonyeshea picha wa Robert Paul wa London, akaufumua na kuugeuza kamera, yenye kelele hata akaifananisha na kinu cha kahawa. Kwani yeye hakutaka picha ya siku moja, alitaka kupiga picha kutwa, kuharibu na kurudia, na mtu wa namna hiyo hawezi kufanya kazi huku akihesabu saa za mwenye mali. Alijenga studio ya vioo huko Montreuil, akatengeneza filamu zaidi ya 500. Lakini milki ina gharama zake, na mtu huyo aliyemiliki kila kitu aliishia uzeeni kuuza vitu vya watoto vya kuchezea katika stesheni ya Montparnasse.

Wala mwendo wa ijara haukufa na karne ile. Kamera kubwa za Technicolor, zilizopitisha tepe tatu kwa mpigo tangu 1932, hazikuuzwa hata kwa kampuni tajiri za Hollywood, bali zilikodishwa pamoja na mafundi wake. Na Panavision, iliyoasisiwa katika miaka ya hamsini, nayo ikashika desturi hiyo hiyo kwa kamera zake. Ikiwa matajiri wale hawakuona haya kukodi, sioni sababu ya mwenye duka kuona unyonge.

Basi wewe msomaji uuzaye vitenge, au mwenye mkahawa, utakayetangaza mara moja au mbili kwa mwaka, kodi kamera, na ikodi pamoja na mtu aijuaye, halafu fedha iliyosalia itie katika bidhaa. Nunua siku ile utakapojikuta unaihitaji kila wiki, na si kabla.