Ndege za rimoti: kutoka kristali hadi 2.4 GHz

Wasomaji, leo historia kidogo. Nje ya mji wa Garissa ardhi ni tambarare, majengo hakuna, na ukiiona utasema hapa ndipo pa kurusha ndege ya rimoti. Ngoja kwanza, tuanze na redio.

Mwaka 1898 Nikola Tesla aliendesha mashua ndogo kwa redio mjini New York. Ndege za mfano zilipofuata, kila rimoti ilikuwa na kristali ya chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja, ndege inaanguka! Klabu zikaweka ubao wenye vibanio: bila kibanio cha chaneli yako, huwashi. (Wanaprogramu, hilo ni kufuli letu lile lile, ila la mbao.) Katikati ya miaka ya 2000 zikaja rimoti za 2.4 GHz, ambazo hutambuana na kipokezi chake tu.

Utaratibu wa kuwasha haukubadilika sana: rimoti kwanza, kisha ndege. Ukipima mota mezani, toa propela. Hakikisha mawimbi yakikatika, mota inazima yenyewe.

Na anga? Bunge la Kenya lilikataa kanuni za droni mwaka 2018. Zilizopo ni za 2020, na kikomo ni futi 400. Garissa ina kiwanja chake cha ndege, Wajir kuna kambi ya jeshi la anga, kwa hiyo waulize KCAA kabla. Hata porini anga si tupu: nzige walipoingia Desemba 2019, ndege za kunyunyizia dawa zilipita chini kabisa juu ya nyanda hizi.